Malaria Yangu ya Jumapili

Chela, nimeaibika hadi sijui nijifiche wapi.

Asubuhi nilimwandikia Pasta Nicodemus kwamba nina malaria, siwezi kufika kanisani. Halafu nikaenda lile kanisa jipya lenye kwaya.

Kumbe Pasta na mkewe wakaja kunijulia hali. Na supu ya samaki!

Aliyewafungulia ni Bi Umulkheir, mama mwenye nyumba. Hana hila yule. Akawaambia, "Mwalimu ni mzima! Ameshika ndia kwenda kanisa lile la ngoma."

La ngoma, Chela!

Narudi naimba, nawakuta barazani. Pasta hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliniuliza tu kwa upole, "Dada Kerubo, na Jumapili ijayo utaugua?"

Utaugua!

Hawa ndio walionipokea nilipohamishiwa shule ya hapa Lamu, simjui mtu. Lakini kule kwingine, leo, nimeimba kwa mara ya kwanza tangu mama afariki.

Mkewe akanimiminia supu. "Kunywa, itapoa."

Nimeinywa yote huku nalia, wao wananitazama, na bado sijui Jumapili niende wapi.