Chura wa dada, jina la baba mkwe

Mwenzangu, uko hapo? Nimetoka ukumbi wa chuo sasa hivi, nimejaa hasira.

Si unajua dada yangu, yule fundi wa maabara, miaka sita anamwambia profesa wake kwamba chura wa kijito cha juu si spishi moja na yule wa bondeni? Mlio tofauti, vidole tofauti. Profesa alikataa katakata.

Leo huyo huyo amesimama mbele ya watu, kifua mbele: "Nimegundua spishi mpya." Chura ni yule yule wa dada! Na jina la kisayansi amempa la baba mkwe wake. Baba mkwe! Mtu hata tope hajawahi kulikanyaga!

Jina la dada halipo hata kwenye shukrani za makala yake.

Dada akanyanyuka taratibu. "Umegundua lini, profesa?"

"Mwaka huu, kwa macho yangu."

Basi akatoa simu, akawasha rekodi ya miaka sita iliyopita. Chura analia, dada anasema, "Huyu ni spishi nyingine." Kisha sauti ya profesa, ukumbi mzima tumeisikia: "Acha ujuaji. Andika jina la zamani."

Wote tukamgeukia profesa, mwenzangu!

Mkuu wa idara akasema makala haichapishwi mpaka dada aiandike upya yeye mwenyewe.

Profesa bado ana mdomo: "Sasa huyo chura ataitwa nani?"

Dada akachukua mkoba wake. "Utalisoma likichapishwa."