Wananiita kwa Jina Lako

Mghanga, ndugu yangu,

Leo ni Jumapili. Nimetoka kanisani na nimekaa kitandani hapa chumbani kwangu Kaloleni, Voi, mlango nimeufunga ingawa joto ni la kutosha kuoka muhogo. Sitaki mtu aingie anikute namwandikia mtu ambaye nilimtia udongo kwa mikono yangu mwenyewe. Lakini kuna mambo nimeshindwa kuyasema mbele ya walio hai, na wewe ulikuwa unajua kunisikiliza.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinisumbua. Ukitoka zamu ya kikosi cha moto kule shamba la mkonge ulipitia hapa, shati linanuka moshi, ukaniambia, "Mwakio, njoo Jumamosi. Sajini hatozi kitu. Hata kama hujawahi kuzima jiko, atakufundisha." Mimi nikakujibu kwamba mahali ndovu wanapopakimbia, mimi ni nani hata nipakimbilie. Nikasema kazi yenu ni kumwagia nyasi maji na kulipwa kama watu wa maana. Ulicheka, ukamaliza chai yangu, ukaenda zako.

Siku ile moto wa nyasi ulipotoka upande wa Maungu, nilikuwa sokoni na vitunguu vyangu. Wenzako walinieleza baadaye. Upepo uligeuka, kila mtu akatoka, halafu wewe ukarudi ndani kwa sababu ulimwona mzee mmoja mchunga mifugo ambaye hakuwa akijua aelekee wapi. Yule mzee yu hai. Alikuja mazishini kule kwetu milimani, Mghange, akasimama nyuma ya watu wote na kofia mkononi.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo linalonikosesha usingizi. Watu wanadhani niliingia kikosi cha moto kwa ajili yako. Mchungaji wetu alilisema hilo madhabahuni, kwamba rafiki ameshika jembe pale mwenzake alipoliacha. Wanawake wakatikisa vichwa, na mimi nikainamisha changu wakadhani ni majonzi. Mghanga, sikuingia kwa ajili yako. Mvua haikunyesha, vitunguu vikawa havifiki kutoka milimani, na mke wangu Wakesho alikuwa ameshika mimba. Nikasikia Sajini Salimu anatafuta mtu wa kuziba nafasi. Nilijua ni nafasi ya nani. Matanga yalikuwa hata hayajapoa vizuri.

Nilimkuta Sajini kwenye ghala la vifaa, anapaka mafuta mpira wa maji. Unamjua alivyo, mtu wa pwani, haongei mpaka amalize anachofanya. Nikamwambia sina ujuzi wowote. Akasema, "Ujuzi upo hapa, utauchukua. Mimi nataka mtu anayesikia akiitwa. Njoo Jumamosi, na uje na gunia." Basi ada ya mafunzo yangu ilikuwa hilo gunia, na lilikuwa la vitunguu, bado lina maganda ndani.

Nilidhani kuzima moto ni ushujaa. Jumamosi ya kwanza hatukuona hata cheche. Alitusimamisha uwanjani, akatuambia tuonyeshe upepo unatoka wapi. Nikanyoosha kidole, nikakosea. Vijana wa kambi ya mkonge waliokuwa wamekaa kwenye ukuta wakaangua kicheko. Halafu akatufundisha kupiga moto wa nyasi. Mimi nililiinua gunia lililolowa mpaka juu ya kichwa na kulibamiza kama mtu anayeua nyoka, na cheche zikarukia nyasi nyuma yangu. "Unaupanda huo," Sajini akasema. "Usiupige kwa hasira. Ufunike, uubane, uunyime pumzi." Akatufundisha kufyeka njia pana mbele ya moto ili ukifika ukose chakula. Akatufundisha kwamba mafuta yakiwaka hayamwagiwi maji, yanamwagiwa mchanga. Vitu hivi vyote ulijaribu kunieleza hapa hapa nilipokaa, na mimi nilikuwa nakuuliza habari za mpira wa miguu.

Kile kibanda cha moshi, hukuwahi kuniambia. Huenda ulinionea huruma. Wanachoma majani mabichi ndani mpaka huoni mkono wako, kisha unaingia kwa magoti, kitambaa chenye maji mdomoni, ukutani mkono wa kushoto, utoke na ndoo iliyowekwa pembeni. Wenzangu waliingia wakatoka. Mimi nilifika katikati nikasimama wima. Ndiyo kosa lenyewe, kusimama, maana moshi uko juu na hewa iko chini. Nilitoka nikipiga ukuta kama kipofu, nikatapika mbele ya wanawake waliokuwa wakianika katani. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini nilimsikia, "Marehemu hakuwa hivi."

Sajini alinipa maji. Akasema, "Kunywa, halafu urudi." Nikarudi. Nilitambaa nikilia, sijui ni moshi au ni nini, na ndoo nilitoka nayo.

Baada ya miezi nikapewa kazi rasmi, na koti lako. Nilifikiri wangenipa jingine. Lile walilokuzika bila kukuvika, lenye alama ya kuungua kwenye kiwiko, ndilo lililokuwa ghalani. Nikalivaa.

Kisha jiko la kambi likashika moto, mchana, wakati upepo wa vumbi unavuma. Paa lilikuwa la nyasi na nyumba zimefuatana kama shanga. Tulisukuma pampu, tukang'oa paa la nyumba ya pili ili moto usivuke. Mimi niliambiwa niingie nitazame kama kuna mtu. Niliingia kwa magoti, mkono wa kushoto ukutani. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mbuzi amefungwa, nikamkata kamba, akanipita mbio nusura anivunje mbavu. Basi. Huo ndio ushujaa wangu wote. Lakini nilipotoka, uso mweusi kwa masizi na koti lile mgongoni, mama mmoja akapiga kelele, "Mghanga, huku! Mghanga, leta maji huku!"

Nikaitika.

Sijui kwa nini. Hapakuwa na muda wa kusahihisha, hilo ni kweli, lakini moto ulipozima muda ulikuwepo, na watoto waliponizunguka wakiimba jina lako nikawaacha. Kesho yake wakaniita hivyo tena. Nyapara naye akaniita hivyo, kwa mzaha. Sokoni nikapewa ndizi za bure kwa jina lako, nikazila. Jina lilikuwa tamu, hilo ndilo la aibu. Mwakio alikuwa muuza vitunguu aliyetapika hadharani. Mghanga alikuwa mtu wa kupishwa njiani.

Mama yako sikuwa nimemwona tangu mazishi. Nilipopanda Mghange kumwona Wakesho alipojifungua nilipita njia ya chini, ile ya mtoni, ili nisipite mlangoni kwake. Mtu aliyenilisha tangu sina meno. Nilijiambia nitakwenda nikishapata kitu cha kumpelekea.

Akashuka mwenyewe. Juzi, Ijumaa, akapanda lori la mboga mpaka Voi, akauliza njia mpaka kambini. Nilikuwa naanika mipira ya maji kwenye ua. Nilimwona akija na kikapu chake, yule yule, anatembea kama ana shauri na ardhi. Na kabla sijamfikia, watoto wakanikimbilia wakiita, "Mghanga! Mghanga! Una mgeni!"

Alisimama. Kikapu kikashuka polepole mpaka chini. Natamani uwe hukuuona uso wake, kama huko mnaona. Aliangalia huku na huku kabla ya kuniangalia mimi. Aliangalia kwanza, Mghanga. Alitafuta.

Nilipiga magoti pale pale kwenye matope ya mipira. Mama yako akasema, "Nina mtoto mmoja wa jina hilo, na ninajua mahali alipolala. Nalimia pale kila asubuhi. Wewe ni Mwakio, mwana wa Mkamburi. Umenipita kwa njia ya mtoni ukadhani sina macho." Halafu akaniita, "Mwakio."

"Naam, mama."

Akaita tena, kwa sauti ya kusikika kambi nzima, "Mwakio."

"Naam, mama."

Watoto wakatazamana. Nilimweleza yote, hata habari ya nafasi kuwa wazi, hata ndizi. Nilidhani atanitemea mate. Alisikiliza huku anasafisha matope kwenye magoti yangu kwa upindo wa leso yake, kama nilipokuwa mtoto. Kisha akasema, "Mtu mwenye mke na mtoto anatafuta kazi. Hilo sikulaumu. Nakulaumu kwa kuniacha nikae peke yangu na watu wasiomjua kama wewe."

Halafu akaniomba kitu ambacho sikukitarajia. Akasema hajawahi kuiona kazi iliyomchukua mwanawe. Alikuwa akisikia tu, moto, moto. "Nionyeshe alikuwa akifanya nini."

Nikamwonyesha. Nikakunjua mpira, nikaufunga kwenye pampu, nikamweleza mmoja anashika huku na mwingine kule, mnapokezana kusukuma mpini, mkipishana pumzi maji yanakatika. Akauliza, "Na yeye alikuwa akisimama upande upi?" Nikamwonyesha. Akavua viatu vyake, akavipanga vizuri pembeni, akaenda kusimama pale ulipokuwa ukisimama, akashika mpini. Mimi nikashika wa upande wangu. Sajini alitoka ghalani, akaona, akachukua ncha ya mpira akaielekeza kwenye nyasi kavu za ua. Tukasukuma. Mwanzoni tulipishana. Kisha tukashikana pumzi na maji yakatoka, mbali, mpaka ukutani. Alisukuma mpaka kilemba kikamlegea na jasho likamwagika, na hakutaka tuache. Nilikuwa nalia nikiona aibu kulia wakati yeye halii.

Alipopumua akasema kule kwetu nyumba za nyasi bado zinaungua na watu hawajui ila kukimbia wakipiga mayowe. Akauliza kama ni lazima mtu awe mtu wa mkonge ndipo afundishwe. Sajini akamjibu, "Hapana, mama. Ni lazima awe na gunia."

Basi nenda salama, ndugu yangu, na unisamehe, kama kusamehe kunafika huko. Koti nimelirudisha ghalani jana, nimepewa jingine, linanipwaya. Watoto nimewaambia jina langu, na wakisahau siitiki. Jumamosi ijayo napanda Mghange kwa njia ya juu, ile inayopita mlangoni. Mama yako ameahidi kunikusanyia watu kwenye uwanja wa kanisa, wake kwa waume, na nimeahidi mbele yake na mbele yako kwamba nitawafundisha yote niliyofundishwa, kuanzia upepo.

Mimi,
Mwakio