Must, May na Masale Matatu

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimekamua huku narudia can, could, may, must. Ng'ombe kaelewa kuliko mimi. Ijumaa anakuja mtu wa kampuni ya utalii toka mjini. Nikimtembeza vizuri kwa Kiingereza, wageni wa kahawa wataletwa shambani kwangu. Nikivurunda, wanapelekwa kwa wakulima wa Uru. Mwalimu Ndeshi, jirani yangu mstaafu, ananifundisha bure. Leo kanikaripia. Mgeni haambiwi "you must drink".
"Umemkaribisha au umemkamata?"
Lakini kwetu mgeni hakatai kahawa. Ni must kabisa.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimepanua njia ya wageni. Mimea mitatu ya masale ilikuwa inabana, nikaing'oa.

Jumatano, 8 Oktoba
Ujinga. Masale yale ndiyo mpaka wangu na Mwalimu. Baba mkwe wake ndiye aliyeyapanda. Kung'oa isale hapa Old Moshi ni kutangaza kwamba unataka ardhi ya mtu. Nilijua. Nilikuwa nawaza viatu vya Wazungu. Mwalimu kapita, nimemwamkia shikamoo. Hakuitikia. Mwalimu! Somo hakuna.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimejifundisha kwa simu. Should ni ushauri, might ni huenda. Naelewa vizuri mpaka nifungue mdomo.

Mume wangu anasema nipeleke isale. Ukimpa jani la isale mtu uliyemkosea, lazima akusamehe. Must ya Kichagga ina majani. Naogopa. Ataona nafuata somo. Na kweli nafuata somo.

Jioni. Nimeenda. Nimelishika kwa mikono miwili. Kalitazama, hakulipokea.
"Hili la mpaka au la Ijumaa?"
"La Ijumaa, Mwalimu. Na la mpaka."
Nikasubiri mlango ufungwe. Kalichukua.
"Afadhali hukunidanganya. Kaa. Mgeni akichoka, unamwambiaje?"

Ijumaa, 10 Oktoba
Mtu wa kampuni kafika mapema. Nikamwaga kahawa. Kauliza, kwa Kiingereza, mgeni atafanya nini kwenye kinu. Kichwa kitupu. Ng'ambo ya pengo la masale nikamwona Mwalimu, anajifanya anapalilia. Hakukuwa na jani hata moja la kupalilia pale.
"You can pound. You may rest. You should taste."
Yakatoka yote, kwa mpangilio. Kisha nikammiminia kikombe cha pili, mdomo ukaniponyoka: "You must!" Mwalimu kafumba macho. Yule bwana akacheka, akanywa. Wageni wa kwanza wanakuja wiki ijayo.

Jumamosi, 11 Oktoba
Tumerudisha masale. Mwalimu kashika miche, mimi jembe. Mche wa tatu kauingiza kidogo upande wangu. Nimeona. Kaona kwamba nimeona. Ningeweza kusema.
Nimeshindilia udongo, nikaenda kuchemsha kahawa. Kanywa vikombe viwili.