Mbwa Watano, na Jambo la Agesa

Kinoo, Jumanne jioni

Mama yangu mpendwa,

Mulembe. Mulembe sana. Goti linaendeleaje, na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa ama bado anatuchezea? Natumaini mvua imefika huko na maharagwe yameshaingia shambani. Huku kwetu ni matope na baridi tu. Mwili wangu hauumwi mahali, namshukuru Mungu, lakini nikisema niko sawa nitakuwa nakudanganya, na nimechoka kukudanganya.

Najua unajiuliza kwa nini naandika na simu zipo. Mama, wewe kwa simu hunipi nafasi. Unaniuliza kama nimekula, unanipa habari za kanisa, unaniombea, halafu unakata ukisema hutaki kumaliza kredito yangu. Jambo hili ningelianza mara kumi na lisitoke mdomoni. Kwa hivyo nimempa binamu Amugune barua, anasafiri kesho asubuhi. Nimemwambia akupe mkononi na asikusomee. Vaa miwani, keti, usome mwenyewe. Tafadhali usiishie katikati.

Nina ombi na nina jambo. Ombi ni kwamba nataka kuleta mbwa watano nyumbani kwako Ijumaa hii, na nije nao mimi mwenyewe. Usipowapokea watauawa Jumamosi. Jambo nitakueleza huko chini, na ukishalisoma pengine hutataka mbwa wala mimi.

Nimewahi kukutajia Mama Njoki, yule mjane mwenye shamba huku nyuma ya Kinoo, mahali magorofa hayajafika. Sikukueleza vizuri tunafanya nini pale kwa sababu nilijua utacheka. Unakumbuka ile familia ya Lavington niliyoifulia na kuipikia miaka sita? Walipohamia ng'ambo walibeba hadi vijiko. Mbwa wao, Deisi, wakamwachia dereva, ati amtafutie mahali. Dereva akamvua mkanda akamshusha barabarani huku kwetu. Nilimkuta nyuma ya bucha, mbavu nje, na aliponiona alilia. Aki Mama, mbwa alilia. Kwa ploti yetu keyateka, yule msimamizi wa nyumba, hataki hata paka, kwa hivyo mwenye bucha akaniambia, "Mpeleke kwa yule mathe wa mbwa, kule chini."

Mama Njoki aliniangalia kutoka juu hadi chini. "Na wewe utakuwa unaleta chakula, ama unaleta tu mdomo?"

Basi nikaanza kuleta chakula. Siku hizi nafagia ofisi huko tauni, na kuna hoteli karibu ambayo hunijazia ndoo ya ugali uliobaki na mifupa. Huu ni mwaka wa tatu. Hakuna anayetulipa, na hatujaomba. Watu wa majumba makubwa wakihama ama wakichoka, wanakuja kutupa mbwa huku mashambani usiku wakidhani huku hakuna macho. Sisi tunawatambua kwa shingo, maana pale mkanda ulipokuwa manyoya hubaki yamelala. Tunawatoa mitaroni, tunawaosha, tunawatibu upele. Kuna dada mmoja, daktari wa mifugo, huja kuwachanja, na kila mmoja ana kadi yake yenye jina. Ndiyo, cheka tu, mbwa wana kadi. Walifika tisa. Mama, pale ndipo mahali pekee hapa Nairobi ambapo nikifika kuna mtu anayefurahi.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Jumanne ya juma lililopita Mama Njoki alimtoa mbwa mmoja wa kahawia kwenye mtaro. Mimi nilikuwa kazini. Akamfunga peke yake nyuma ya banda la kuku, kwa sababu mgeni huwa hatumchanganyi na wengine kabla hajachanjwa. Nilipofika Jumamosi na ndoo yangu, nilikuta kamba tupu. Akasema alikufa jana na amemzika chini ya migomba. Amelishwa sumu, ati watu wa hapa ni wabaya. Nikamwuliza alikufa vipi. Akasema alikuwa anadondosha mate, anaangalia maji kwenye karai, anayataka, na hawezi kuyameza.

Mama, nilikalia ile ndoo.

Jua lilikuwa kali na yeye alikuwa amevaa sweta, anaosha sufuria kwa mkono mmoja. Nikamwambia, "Leta huo mkono nione."

"Ni miiba tu."

"Leta, Mama Njoki."

Akapandisha sweta. Meno manne, hapa juu ya kiwiko. Alikuwa ameosha kwa sabuni na chumvi, akafunga na kitambaa cha leso yake ya kanisani. Nikamwambia twende hospitali sasa hivi. Akanishika na ule mkono mzima. "Wewe Mideva, ngoja. Nikienda huko wataniuliza ni mbwa gani, iko wapi, na zingine ni ngapi. Kamau atasikia. Unajua Kamau anatafuta nini hapa." Kamau ni mwanawe wa pekee wa kiume, anataka kujenga nyumba za kupangisha kwenye lile shamba, na mbwa ndio kisingizio cha mama yake kila mwaka. "Mimi ni mzee. Nikikufa nimekufa. Hii kitu ni ya sisi wawili. Apa."

Nikaapa. Usiniulize kwa nini. Nilimwona Deisi amelala pale miguuni mwake nikaapa.

Kesho yake nilikwenda kanisani na sikuweza kuimba hata ubeti mmoja. Mficha maradhi kifo humuumbua, umeniambia maneno hayo tangu nikiwa mdogo, na mimi ndiye ninayeyajua kuliko wewe. Ibada haikuwa imeisha. Nilitoka nje, nikasimama karibu na tangi la maji, nikampigia Kamau simu.

Alikuja dakika hiyo hiyo. Alimbeba mama yake hadi kwenye gari huku mama akimpiga ngumi za mgongo, na mimi nikafunga mlango. Sindano zimeanza. Daktari wa hospitali anasema zimechelewa siku kadhaa, lakini kichaa cha mbwa hakijajionyesha, kwa hivyo kuna tumaini kubwa. Amekataa kusema ni hakika. Tunangoja.

Jana baada ya kazi nilikwenda kumwona hospitalini. Aligeukia ukutani. Nilikaa kwenye benchi hadi wakanifukuza, na neno aliloniambia ni hili tu: "Nilikupatia siri moja tu, Mideva. Moja."

Na Kamau amefunga geti na kufuli. Ananipa ufunguo asubuhi na jioni niwalishe, basi. Jumamosi ana watu wanakuja kuwamaliza. Nilimwonyesha kadi za chanjo. Nilimletea yule daktari wa mifugo, akamweleza kwamba wote wamechanjwa, hawakuguswa na yule mgeni, na jana amewarudia sindano nyingine. Nilimpigia magoti, Mama. Kwenye matope. Akaniinua, akaniambia polepole, "Aunty, kama ingekuwa ni mathe yako, ungefanya nini?" Kamau si mtu mbaya, na hilo ndilo linanimaliza, kwa sababu angekuwa mbaya ningejua nimtukane wapi.

Nimezunguka hadi viatu vimetoboka. Daktari wa mifugo mwenyewe amechukua wawili. Mlinzi tuliyefanya kazi naye Lavington amechukua mmoja, na mwenye bucha mmoja. Wamebaki Deisi, Kahawa, Refa, Posho na Bibi Harusi, ambaye ni mzee na haoni jicho moja. Maji yamenifika shingoni, Mama. Sina mlango mwingine isipokuwa wako.

Ningeweza kuishia hapo. Wewe una boma kubwa na roho laini, ungesema, "Huyu Mideva na vituko vyake, haya, walete." Nilianza kuandika barua hiyo fupi na nikaichana. Siwezi kukuletea mbwa na hujui mbwa alifanya nini nyumbani kwetu.

Mama, Agesa hakulishwa kitu.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, yeye mdogo wangu minane. Ulitukataza kwenda kuiba mapera kwenye shamba la shule, na tukaenda. Tukirudi, mbwa mmoja akatoka kwenye miwa, habweki wala hakimbii, anatembea tu. Akamuuma Agesa kwenye shavu la mguu, akaenda zake. Agesa hakulia. Alisema, "Mideva, usimwambie Mama, tutachapwa." Nikamwosha mtoni, nikamfunga na jani. Nikakuambia amekatwa na seng'enge ya shule. Uliangalia kile kidonda ukanisifu kwamba nimekiosha vizuri.

Kikapona. Mwezi mmoja baadaye akaanza homa, akakataa chai, kikombe cha maji kikija karibu koo linamfunga. Tukampeleka hospitali. Daktari aliuliza kama mtoto ameumwa na mbwa. Ukasema hapana. Halafu ukanigeukia. Naona uso wako sasa hivi ninapoandika. Ukasema, "Wewe ndiye hutembea naye. Kuna mbwa alimuuma?"

Nikasema hapana.

Agesa alikuwa macho. Alinisikia. Niliogopa, Mama. Niliogopa fimbo wakati ndugu yangu anakufa, na baada ya hapo kila siku iliyopita iliufanya ule uongo kuwa mgumu kuutoa.

Halafu kwenye matanga watu wakaanza kusema kwamba jirani yetu Mama Rasoa alimpa Agesa ndizi mbivu juu ya ua wiki ile. Kwamba ndiyo ilimuua. Ile ndizi, Mama, mimi nilikula nusu yake. Nilikaa pale jikoni nikiwasikia wewe na shangazi mkiipanga hadithi hiyo, najua ni uongo, na nikanyamaza. Baba akafunga njia iliyotoka kwake kuja kwetu, akapanda miiba. Rasoa tulikuwa tunakaa dawati moja, wakamhamisha shule. Hadi leo ukimkuta mama yake kisimani unangoja achote aondoke, ndipo ushushe mtungi wako. Miaka thelathini mwanamke yule anaitwa mchawi, na aliyeua kwa kunyamaza ni mimi.

Nilimwuliza yule daktari wa mifugo, nikijifanya nauliza habari ya mtu mwingine. Akaniambia mtu akishaogopa maji hakuna dawa. Kwa hivyo siku ile hospitalini hata ningesema ndiyo, Agesa angekufa. Lakini ule mwezi wa kwanza, wakati kidonda kinapona na wewe unanisifu, sindano zingemwokoa. Sasa unajua kwa nini nilivunja kiapo cha Mama Njoki. Na unajua kwa nini naokota mbwa na kuwachanja kama mwendawazimu. Watu wa kanisani wanadhani ni huruma. Ni woga, Mama. Ni ule ule woga.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Hilo ni lako, chukua muda wako, na ukitaka kunilaani nitasikia.

Kuhusu mbwa, nakueleza kila kitu ili usije ukasema nilikuficha. Kuna lori linaloleta ndizi kutoka huko, hurudi tupu Ijumaa, na dereva amekubali. Daktari ameagiza wakae wamefungwa mbali na watu na mifugo mwezi mmoja na nusu, kwa usalama. Nitawafunga kwenye lile banda la zamani la ng'ombe na nitalala karibu nao. Kazini nimeaga; wakipata mtu mwingine, basi. Watoto wa kaka wasikanyage hapo. Unga nitakuja nao. Hutawagusa wala kuwapikia.

Dereva anataka kujua Alhamisi jioni. Usinipigie tuongee, hatutaweza. Ukikubali, niflashi tu, simu ilie mara moja ikatike, nitajua. Usipokubali, usifanye kitu. Nitaelewa. Jumamosi nitakuwa pale getini nao, sitawaacha na watu wasiowajua majina.

Nisalimie kaka yangu na mkewe, na uwaambie watoto shangazi yao anawapenda hata kama haji na mikate. Nisalimie mjomba anayesaga unga pale posho mili, na mama wa kwaya aliyenifundisha kusoma noti. Amugune mpe chakula kabla hajaondoka, njaa yake unaijua.

Jirani yetu wa ng'ambo ya miiba usimpe salamu zangu. Salamu hazitoshi, na si wewe wa kuzipeleka. Siku yoyote nitakayoshuka, na mbwa ama bila mbwa, nitapitia kwake kwanza kabla ya kuingia kwako. Nitamwambia mbele ya watoto wake. Ukitaka kuja nami, nitakukuta hapo barabarani. Usipotaka, nitaenda peke yangu.

Ni mimi mtoto wako,
Mideva