Sahani ya Jirani Mchoraji

Tooting, London
Ramadhani, 1998

Dada Zuhura, shikamoo.

Baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno, lakini tunafuturu salama. Jirani yangu ni mzee wa Kiingereza, mchoraji na mshairi. Ujanani alichora meli bandarini, na chini ya kila picha akaandika ubeti. Siku hizi mkono unamtetemeka, anachora kadi ndogo tu.

Juzi nilimpelekea kaimati. Akanirudishia sahani inang'aa, tupu! Nikamwambia kwetu sahani ya jirani hairudishwi hivyo. Maskini, aliona haya, akaniuliza kwetu kukoje. Nikamsimulia ua wetu, mlimau, na mama akikaanga kaimati.

Leo sahani imerudi na kadi hii. Igeuze uone: mlimau kauchora kama miti ya huku wakati wa baridi, hauna hata jani. Lakini mama ni mama mwenyewe, kainamia karai lake. Na ubeti wa mzee unamwomba amwekee kaimati, atakuja kuzila.

Sikuweza kumwambia kwamba tumeshamzika.

Iweke jikoni, dada, pale alipokuwa akikaa. Nawabusu nyote.

Mdogo wako,
Salma