Karatasi Yangu Imelala kwa Ganesha

Kigali, Alhamisi, Novemba 1991. Mvua tangu alfajiri.

Leo nimezungumza na mtu asiye wa nyumbani kwa zaidi ya dakika kumi. Naandika nisije nikakana baadaye.

Kesho nasoma mbele ya darasa kazi yangu ya historia: chanzo cha ibada ya Ganesha, mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo. Nilimchagua kwa sababu ya Bibi Kamla, wa duka la vitambaa ambako Mama hununua nyuzi za cherehani. Kila asubuhi, kabla ya kufungua, humwekea Ganesha wake wa shaba ua na kipande cha sukari guru.

Wiki tatu nimeinamia ensaiklopidia ya parokia. Katika nyimbo kongwe kabisa za Wahindi jina Ganapati, ambalo leo ni jina lake la pili, limo, lakini anayeitwa hivyo ni mungu mwingine. Sanamu za huyu wa tembo zinaonekana karne nyingi baadaye. Nikaandika kwa majivuno: "Huyu ni mungu aliyechelewa."

Halafu nikaona haya. Ningemsema hivyo nyuma ya mgongo wa Bibi?

Baada ya shule nilikwenda kumsomea. Alisikiliza amefumba macho.

"Mimi naita yeye kwanza, kabla ya miungu yote," alisema. "Kwangu hapana chelewa hata siku moja. Wewe je, binti, leo shule fika saa ngapi?"

Nilikuwa nimechelewa. Alikuwa akitazama soksi zangu zenye matope, na bangili zake zililia kwa kicheko.

Akanipa ile sukari ya Ganesha. Kwa mazoea nikafanya ishara ya msalaba kabla ya kula. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mzuri," akasema. "Ita wote."

Kisha akaichukua karatasi yangu, akaiweka miguuni pa Ganesha. Kazi mpya hulala kwake mpaka asubuhi, alisema, ndipo njia ifunguke. Alifurahi mno. Sikuweza kumwambia kwamba sina nakala nyingine, na kwamba nasoma saa moja na nusu, duka likiwa bado limefungwa.

Kesho sina karatasi ya kujificha nyuma yake.

Najaribu kukumbuka nilichoandika, karne zinanichanganya. Asubuhi ya Bibi Kamla naikumbuka yote. Basi nitaanza nayo, ua na sukari, kisha nirudi nyuma polepole hadi kwenye zile sanamu kongwe za mawe.

Ganesha, kama kweli wewe huitwa kwanza, nimekuita.

Soksi nimezianika jikoni. Sitachelewa.