Namba Tisa Hatafsiri Jumamosi

Jumatano, 17 Septemba

Jezi zimekuja. Nimepewa namba tisa! Tisa ndiye anayetoa mpira kwenye skramu, pale timu mbili zinaposukumana vichwa chini, na ndiye mpiga kelele wa timu. Kocha Njambi kasema kazi hiyo ni yangu kwa sababu sifungi mdomo hata darasani. Tumeletewa huyu Kocha mwezi uliopita kutoka Nakuru. Kichina cha huku hajui hata salamu, ila raga anaijua.

Tunacheza raga ya saba saba, namba za jezi tu ndizo za raga ya watu kumi na tano. Wasichana tuko saba tu, hakuna wa akiba. Bila saba mechi haianzi.

Mama kauliza raga ni nini. Nikamwonyesha kwenye simu. Akasema mbona hao wanapigana. Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nalia, lakini kwa hasira. Tulikuwa tunaongoza! Wakati wa mapumziko namwona Mama pembeni ya uwanja, na baibui lake na mkoba, ananiita: Swalha, twende, mteja ananingoja Shisanhang. Soko lile la nguo linafunguliwa alfajiri, saa saba mchana wameshafunga. Hayo nayajua tangu nina miaka sita, maana tangu miaka sita mimi ndiye ulimi wa Mama. Mteja anakuja kutoka Dar, Mama anampeleka dukani, mimi nambembeleza laoban, yaani bosi wa duka, kwa Kichina. Akikataa, namgeuzia Mama kwa Kiswahili. Hivyo hivyo mpaka bei ishuke.

Nikaenda. Na njumu zangu miguuni! Nimesimama kati ya marobota, matope mpaka magotini, nasema tai gui, tai gui, ghali mno. Laoban kacheka mpaka kakaa chini.

Wenzangu wamemaliza mechi wakiwa sita. Wamefungwa.

Jumapili, 19 Oktoba

Grâce hapokei simu yangu. Ndiye rafiki yangu, na ndiye anayesukuma mbele kwenye skramu. Katuma ujumbe mmoja tu: mama yako alikuita, na wewe ulitoka, ma chère, yaani mpenzi, kwa Kifaransa cha kwao.

Kweli. Nilitoka. Sitoki tena. Ng'o!

Alhamisi, 13 Novemba

Tumeshinda tatu mfululizo baada ya ile aibu, na Grâce kanisamehe. Nusu fainali keshokutwa, saa tatu asubuhi.

Na Mzee Mbarak, mteja mkubwa wa Mama, kaingia jana kutoka Kariakoo! Anataka abaya za kujaza nusu kontena, na Jumamosi usiku anapanda ndege. Mama kasema Jumamosi asubuhi tupo sokoni. Hakuniuliza. Kasema tu.

Nikasema siendi.

Akaacha kukoroga mchuzi. Akasema raga haitulipii pango. Nikasema na mimi si kikokotoo cha dukani. Hapo nilivuka mpaka, najua. Nikangoja kofi, halikuja. Kaninunia tu, na hilo ni baya zaidi.

Ijumaa, 14 Novemba

Bado kanuna. Begi langu la mazoezi kalifungia kabatini, ufunguo anao yeye. Haya! Grâce ana njumu za ziada. Zinanibana vidole. Nitavaa hizo hizo.

Jumamosi, 15 Novemba

Hospitali. Tunangojea dawa. Naandika kwa sababu siwezi kuongea.

TUMEINGIA FAINALI! Jumamosi ijayo! Trai ya mwisho, bao la ushindi, niliweka mimi, na msichana mmoja mrefu akaniangukia, goti likatua mdomoni. Mdomo umevimba kama andazi.

Kocha alinileta hapa, akampigia Mama. Kaja mbio, kamwacha Mzee Mbarak na laoban wanatazamana. Muuguzi akaanza kunihoji, mimi natikisa kichwa tu, damu inachuruzika. Mama akamjibu. Kwa Kichina! Tena cha haraka: jina, umri, aleji, kisha akamgombeza kuhusu foleni!

Miaka kumi! Miaka kumi nimekuwa ulimi wa mtu mwenye ulimi wake.

Wala hakuona haya. Kasema sokoni wakijua unaelewa, hawaropoki mbele yako. Mimi nikibishana nao, yeye yuko nyuma anasikiliza wanachonong'onezana, ndivyo anavyojua bei ya chini kabisa. Kumbe mimi ni pazia! Nilitaka kumpigia kelele, na mdomo sina.

Daktari kanishona nyuzi nne, kanijaza pamba. Nilimsikia vizuri: siku tano nyuzi zinatoka, baada ya hapo acheze, avae tu kinga ya meno. Siku tano. Fainali ni baada ya siku saba.

Kocha akamuuliza Mama, daktari anasemaje?

Mama, kwa uso mkavu: apumzike mwezi mzima, maskini. Raga mpaka mwakani.

Kocha kashika kichwa. Akaanza kunipa pole.

Nikamvuta shati, nikamwinulia vidole vitano mbele ya uso.

Anauliza: tano nini? Wiki tano?

Naandika kwa mkono wa kulia, lakini Kocha hatazami daftari, anamtazama Mama tu. Wa kushoto bado uko juu. Mama anavikunja vidole vyangu kimoja kimoja, ananiambia kwa upole nisijichoshe. Navikunjua.